Siri za Kweli Hazina Mafumbo

Mjukuu wangu, nimechoka, lakini hili siwezi kulilalia. Juzi ulimwambia bibi yako, rozari ikiwa bado mkononi mwake, kwamba Yesu anayemwomba alifanywa Mungu kwa kura mwaka 325, na kwamba mapadre wanalijua hilo na wanalificha. Bibi yako hakukujibu. Mimi nitakujibu, kwa sababu najua ulikoyatoa. Ni ile filamu ya The Da Vinci Code mliyoitazama na wenzako mpaka usiku wa manane. Nami nimeitazama, na kitabu cha Dan Brown cha mwaka 2003 nimekisoma mwanzo mpaka mwisho.

Sikukatazi filamu. Wala sitakwambia ni ya shetani. Neno hilo tumelibandika kwa kila tusichokipenda mpaka limepoteza uzito, na wewe ukilisikia unazidi kuamini kwamba kuna jambo tunaliogopa. Ni kazi ya ustadi. Ron Howard aliiongoza, ikafungua tamasha la Cannes Mei 2006. Tom Hanks ni profesa Langdon, anaitwa usiku kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, mzee mtunzaji ameuawa na ameacha mafumbo kwa damu yake mwenyewe. Kuanzia hapo huinuki kwenye kiti. Kila mchoro una neno, kila kanisa lina mlango wa siri, kila mwenye joho ana jambo anaficha. Ian McKellen, yule mzee mwenye magongo, anaeleza kwa sauti tamu hata uongo unakaa sawasawa mdomoni mwake. Mtu akisimulia vizuri hivyo, nani hatamsikiliza?

Ninachokiogopa mimi ni kile filamu inachokuachia ikiisha. Kwa karibu saa mbili na nusu inakupa heshima ya mjuzi bila kukudai kitu. Hukujifunza Kigiriki, hukukaa na nyaraka, hukubishana na mtu anayejua kuliko wewe. Unatoka pale kama mtu aliyeokota ufunguo barabarani akadhani kila nyumba ya mjini ni yake. Na jambo la kwanza unalofanya ni kuwahurumia waliokulea.

Basi tukichunguze hicho chama cha siri, Priory of Sion, maana ndicho kiini cha kisa chote. Filamu inakwambia kiliundwa enzi za Vita vya Msalaba, kikalinda siri ya uzao wa Yesu kwa karibu miaka elfu moja, kikiongozwa na akina Leonardo da Vinci na Isaac Newton. Kitabu kimekwenda mbali zaidi: kwenye ukurasa wa mwanzo kabisa, kabla hadithi haijaanza, kimeliweka hilo kuwa jambo la kweli na mwaka wake kikautaja, 1099.

Sikiliza habari yenyewe. Chama hicho kilisajiliwa mwaka 1956 kwenye ofisi ya serikali ya mji mdogo wa Saint-Julien-en-Genevois, huko Ufaransa karibu na mpaka wa Uswisi. Waanzilishi walikuwa watu wanne. Mlima Sion wanaoutaja si ule wa Yerusalemu. Ni kilima kilichopo jirani na mji huo. Jarida lao lilikuwa likitetea haki za watu wanaoishi katika nyumba za bei nafuu. Huo ndio mwanzo wa kile chama ambacho wewe na wenzako mlikinong'ona usiku kucha.

Mmoja wa wale wanne, Pierre Plantard, alikuwa na tamaa kubwa kuliko nyumba za bei nafuu. Alitaka aaminike kuwa ni mzao wa wafalme wa kale wa Ufaransa, wale wa ukoo wa Merovinji. Akashirikiana na rafiki yake, Philippe de Chérisey, wakatunga nasaba na orodha ya viongozi wakuu wa chama tangu zama za kati, majina makubwa matupu. Katika miaka ya 1960 wakaziweka karatasi hizo kwenye Maktaba ya Taifa, Paris, ili atakayezikuta humo azipe heshima ya maktaba. Humo wakaunganisha na kisa cha padre Bérenger Saunière wa kijiji cha Rennes-le-Château, kusini mwa nchi hiyo, ambaye alijenga nyumba nzuri na mnara, watu wakauliza katoa wapi fedha. Jibu lilikuwa limekwisha patikana padre huyo angali hai. Alishitakiwa mbele ya mahakama ya Kanisa kwa biashara ya misa: alipokea fedha za nia za misa kutoka kwa watu wengi mno, misa ambazo padre mmoja asingeweza kuziadhimisha. Hazina ya Rennes-le-Château ilitoka kwa waumini waliotaka wafu wao waombewe. Na jina lake, Saunière, ndilo alilopewa yule mtunzaji anayeuawa Louvre mwanzoni mwa filamu.

Mwaka 1982 waandishi watatu waliotoa kitabu chao London wakazichukua karatasi za Plantard, wakaongeza lao: kwamba ukoo huo unaanzia kwa Yesu na Maria Magdalena. Dan Brown akaja nyuma yao. Mwaka 1993 Plantard aliitwa na hakimu aliyekuwa akichunguza kesi nyingine, akahojiwa chini ya kiapo, akakiri kwamba mambo hayo aliyatunga. Akafa mwaka 2000. Filamu ikatoka mwaka 2006. Hesabu mwenyewe. Aliyeutunga uongo alikuwa amekwisha ukana mbele ya hakimu miaka 13 kabla wewe hujaonyeshwa kuwa ni siri.

Linalonisikitisha si kwamba hukuyajua haya. Nani atayajua yote? Linalonisikitisha ni kwamba bibi yako ulimuuliza: nani kasema, kasema lini, anafaidi nini? Maswali mazuri sana. Yule aliyekuja na siri hukumuuliza hata moja.

Na hiyo kura ya mwaka 325. Ni kweli kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nikea, mji ambao leo unaitwa Iznik, Uturuki. Ni kweli kaisari alikuwa na mambo yake, alitaka dola yenye umoja, na ni halali kabisa umuulize mtawala anatafuta nini kwenye baraza la dini. Lakini waliokutana pale hawakuwa wakijadili kama Yesu ni mtu tu. Ugomvi ulitoka Aleksandria, hapa hapa Afrika, kwa padre Ario. Yeye alifundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba kabla ya vitu vyote. Wapinzani wake wakasema hakuumbwa, ni wa asili moja na Baba. Hata Ario mwenyewe alimweka Yesu juu ya malaika na viumbe vyote. Mwishowe maaskofu waliokataa kukubaliana na wenzao walikuwa wawili. Unaweza kusema kulikuwa na shinikizo la kaisari, nitakusikiliza. Huwezi kusema walimfanya Mungu mtu ambaye jana yake walimjua kuwa ni nabii. Paulo aliandika barua zake katika miaka ya 50, na humo Yesu tayari ni Bwana anayeabudiwa. Plinio, gavana wa Kirumi, ambaye Wakristo aliwaadhibu, alimwandikia kaisari Trajano mnamo mwaka 112 kwamba watu hawa hukusanyika alfajiri wakamwimbia Kristo kama mungu. Hiyo ni zaidi ya miaka 200 kabla ya Nikea, na anayesema si rafiki yao. Kama unakataa imani hiyo, ikatae, una haki yako. Lakini ikatae ilivyo.

Orodha ya vitabu vya Agano Jipya nayo haikupangwa Nikea. Mara ya kwanza kuviona vitabu vyote 27 vimetajwa pamoja, hivyo tu bila kuongeza wala kupunguza, ni katika barua ya Pasaka ya askofu Athanasio wa Aleksandria, mwaka 367. Kabla ya hapo watu walibishana kwa miaka mingi, mchana, kwa maandishi ambayo mengi tunayo.

Sasa nifike kwa Maria Magdalena, maana hapa sitaki nikuonee. Filamu imegusa kidonda cha kweli. Mwanamke huyu alidhulumiwa. Mwaka 591 Papa Gregori wa Kwanza alihubiri akamchanganya na yule mwanamke mwenye dhambi wa Injili ya Luka, na tangu hapo Kanisa la Magharibi likamwita kahaba kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hakuna mstari wa Injili unaosema hivyo. Michoro, nyimbo na nyumba za kuwafungia wasichana walioonekana wamepotoka zikapewa jina lake. Ukisema wanaume wenye madaraka walimpunguza mwanamke huyo, nitakuunga mkono na nitasema kwa sauti kuliko yako.

Lakini angalia jambo hilo lilipokuwa muda wote. Fungua Injili ya Yohane, sura ya 20. Asubuhi ya Pasaka mitume wamekimbilia kaburini na wamerudi nyumbani. Aliyebaki akilia ni Maria Magdalena, na ndiye wa kwanza kumwona Yesu, na ndiye anayetumwa kwenda kuwaambia wengine. Bibi yako ameisikia habari hiyo kila mwaka maisha yake yote. Muulize siku moja Magdalena ni nani kwake, hatakwambia kahaba. Watu walikaa na habari hiyo ya Injili, wakaisoma, wakaidai, mpaka kalenda ya Kanisa ikarekebishwa mwaka 1969, na mwaka 2016 Papa Francis akaipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu yenye hadhi sawa na zile za mitume. Haikuhitaji chama cha siri. Ilihitaji wasomi, wengi wao wanawake, waliosoma kwa subira maandishi ambayo kila mtu alikuwa nayo.

Na hao wanaosema filamu imefichua Injili ya Filipo, waambie ilipatikana mwaka 1945 karibu na Nag Hammadi, Misri, ikatafsiriwa na inauzwa madukani. Ni maandishi ya Kikopti, na wasomi wengi huyaweka karne ya tatu. Ule mstari unaosema Yesu alikuwa akimbusu Magdalena umetoboka pale pale inapotajwa alimbusu wapi. Mafunjo yameliwa. Filamu inakusomea kana kwamba hakuna tundu. Halafu tazama ilivyomgeuza mwanamke huyo: yule aliyetumwa kusema, filamu imemfanya chombo cha kubebea mtoto wa mwanamume. Mimi hilo naliona ni kumpunguza tena.

Kuhusu Opus Dei, jumuiya ya Kikatoliki inayoshutumiwa kwenye filamu, nitapita haraka. Ilianzishwa Hispania mwaka 1928 na padre Josemaría Escrivá. Haina watawa wa kuvaa majoho, kwa hiyo Silas, yule mtawa wa kwenye filamu anayeua watu na kujipiga mijeledi hana mahali humo. Wapo waliotoka humo wakiwa na malalamiko mazito ya kusikilizwa, na wapo wanaoishi humo kwa furaha. Hao wote ni watu wenye majina, unaweza kuwatafuta na kuwauliza. Chuo cha Strathmore cha Nairobi kilianzishwa na watu wa Opus Dei mwaka 1961, kikapokea vijana wa rangi zote Kenya ikiwa bado koloni. Waliosoma hapo wamejaa Afrika Mashariki. Zungumza nao kabla ya kuzungumza juu yao.

Unadhani nayarefusha kwa sababu ya filamu tu? Hapana. Tazama tunavyoishi hapa. Msanii akifa ghafla, kabla hajazikwa watu wamekwisha sema ni Frimasoni. Jirani akijenga ghorofa, ni Frimasoni. Marehemu Sir Andy Chande aliwaongoza Frimasoni wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, akahojiwa na waandishi, akaandika kitabu na jina lake likiwa juu. Watu hawakutaka kumsikia, walitaka yule wa gizani. Na kwa kuwa wanamtaka wa gizani, matapeli wamewaletea. Umeviona vibandiko kwenye nguzo za umeme, umepata ujumbe kwenye simu: jiunge na Frimasoni upate utajiri, tuma ada ya fomu kwa namba hii. Vijana wa rika lako wanatuma. Baada ya ada ya fomu inakuja ada nyingine, na nyingine. Filamu inawazoesha kwamba nyuma ya pazia kuna wenye nguvu, tapeli anawauzia tiketi ya kuingia nyuma ya pazia.

Ufaransa alikuwapo mtu, Léo Taxil, aliyeandika kwa miaka 12 kwamba Frimasoni wanamwabudu Shetani. Alimbuni hata mwanamke, Diana Vaughan, aliyetoroka kutoka kwao na kutoboa siri. Maaskofu walimshangilia Taxil, Papa Leo wa 13 alimpokea Roma. Aprili 1897 akawaita watu ukumbini Paris, akawaambia yote aliyatunga. Unadhani ikaisha? Yapo maneno ya Taxil yanayozunguka kwenye simu zenu mpaka leo. Na kuna karatasi nyingine ya kughushi, ile inayodai Wayahudi wana kikao cha siri cha kuitawala dunia, iliyotokea Urusi mwaka 1903. Gazeti la The Times la London lilionyesha mwaka 1921, aya kwa aya, kwamba imenakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1864. Hitler akaitumia hivyo hivyo, akajua au asijue, na wewe historia ya miaka ile umeisoma shuleni. Ndiyo maana nakaa nawe. Mtu akizoea kuamini kwamba wapo wachache waovu wanaopanga kila kitu, siku moja ataonyeshwa ni akina nani, na hatauliza.

Lakini nisikuache ukidhani babu anasema Kanisa halina siri. Lilikuwa nayo, nayo ni mbaya kuliko yoyote aliyoiwaza Dan Brown. Wakati kitabu chake kinaandikwa, Boston, Marekani, kulikuwa na mapadre walioharibu watoto, na wakubwa wao wakijua waliwahamisha kutoka parokia hadi parokia. Padre mmoja, John Geoghan, alishutumiwa na watu zaidi ya 130. Hapo hapakuwa na mchoro wenye fumbo wala mstari wa shaba sakafuni kama kwenye filamu. Palikuwa na akina mama waliokwenda kulalamika wakaombwa wanyamaze kwa ajili ya Kanisa, na watu wazima waliokuwa wakisema kwa miaka wasisikilizwe.

Unajua siri hiyo ilivyofichuliwa? Waandishi wachache wa gazeti la Boston Globe walikaa na vitabu vya orodha ya mapadre, vinavyochapishwa na Kanisa lenyewe kila mwaka. Walipitia jina kwa jina, mwaka kwa mwaka, wakiandika kila padre aliyeorodheshwa kuwa yuko kwenye likizo ya ugonjwa au hana kituo. Walibisha hodi kwenye milango, ikafungwa, wakabisha mingine. Gazeti likaenda mahakamani, jaji akaamuru majalada yafunguliwe. Januari 2002 wakachapisha. Desemba mwaka huo huo kadinali wa Boston akajiuzulu. Wengi wa waandishi hao walilelewa katika Ukatoliki. Hawakufanya vile ili waonekane wajuzi, walifanya kwa ajili ya walioumizwa.

Ipo filamu yao, Spotlight, ya mwaka 2015. Itafute. Wenzako watasema inachosha, maana sehemu kubwa ni watu wanasoma karatasi na kupiga simu. Itazame mpaka mwisho, wakati orodha ya miji ya Marekani na ya nchi nyingine ambako mambo kama hayo yaligunduliwa inapojaza skrini.

Baada ya hapo ukiwa na swali juu ya parokia yetu, fedha zinakwenda wapi, watoto wa kipaimara wanakaa na nani na wapi, mbona akina mama wanafanya kazi zote lakini hawaulizwi, liandike kwa mwandiko unaosomeka, uweke jina lako chini. Mpelekee padre ofisini saa za kazi. Akikujibu, mshukuru na uulize linalofuata. Akikwepa, rudi wiki inayofuata. Magoti yangu yakiniruhusu tutakwenda wote.